Shajara ya Mradi: Nani Hasa Walikimiliki Kiwanda cha Chuma cha Coalbrookdale

Januari: swali na mipaka yake

Mradi huu unahusu umiliki wa kiwanda kimoja cha kuyeyusha na kusubu chuma, kilichokuwa katika bonde la Coalbrookdale, mkoa wa Shropshire, Uingereza. Bonde hilo ni jembamba, lina miteremko mikali, na kijito chake kinaingia katika mto Severn baada ya kuzungusha magurudumu ya maji ya watu wengi kwa karne nyingi. Ninaishi Telford, jirani na bonde lenyewe, na kazi yangu inagawanyika kati ya nyaraka zilizohifadhiwa Shrewsbury na magofu ambayo mtu anaweza kuyagusa kwa mkono.

Kila anayelijua jina la Coalbrookdale analijua kwa sababu ya Abraham Darby, ambaye mwaka 1709 aliyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza, badala ya mkaa wa miti. Wanaojua zaidi kidogo wanafahamu kwamba walikuwapo watatu wenye jina hilo, baba, mwana na mjukuu, na masimulizi ya kawaida huwapanga mmoja baada ya mwingine kana kwamba kiwanda kilitoka mkononi mwa baba kikaingia mkononi mwa mwana bila kugusa mkono wa tatu. Nilipoandika miaka yao kwenye karatasi moja, mpangilio huo haukukubali. Wa kwanza alizaliwa 1678 akafariki 1717. Wa pili alizaliwa 1711 akafariki 1763. Wa tatu alizaliwa 1750 akafariki 1789. Maana yake ni kwamba baba wa kwanza alimwacha mwana wa miaka mitano, na wa pili alimwacha mwana wa miaka kumi na miwili. Tanuri halizimwi kumngoja mtoto akue. Kwa hiyo swali la mradi ni hili: katika miaka ambayo mrithi alikuwa mdogo, nani aliyeshika hisa, nani aliyeshika funguo, na nani aliyetia saini?

Kwa kuwa swali ni la umiliki, nitagusa ufundi pale tu unapoeleza kwa nini fedha zilihitajika au kwa nini mtu fulani aliitwa kuingia katika ubia.

Februari: kabla ya Darby

Hatua hii imekuwa fupi kwa makusudi. Tanuri halikujengwa na Darby. Katika karne ya 17 ardhi hiyo ilikuwa chini ya Sir Basil Brooke wa Madeley, Mkatoliki na mwenye viwanda, ambaye pia alitengeneza chuma cha pua katika bonde hilohilo. Juu ya upenyo wa tanuri la zamani kuna boriti za chuma zenye tarakimu, na moja kati yake husomwa 1638, ingawa picha ya zamani inaonyesha 1658. Tarakimu ya tatu imebadilika sura kwa kutu na kwa kurekebishwa. Nimeamua kuandika 1658 katika jedwali langu. Baada ya ukoo wa Brooke, wapangaji kadhaa walipokezana, na wa mwisho kabla ya Darby alikuwa Shadrach Fox, ambaye tanuri lilimlipukia mwanzoni mwa miaka ya 1700. Darby alipofika mwaka 1708 alipangisha mahali palipoharibika, na bila shaka kodi yake ililingana na hali hiyo. Hakununua ardhi. Hilo ni jambo la kwanza la kukumbukwa na kila anayemwita mwenye Coalbrookdale.

Machi: fedha za Bristol

Ili kumwelewa mpangaji huyu ni lazima kwanza kwenda Bristol, kwa kuwa fedha zote za mwanzo zilitoka huko. Abraham wa kwanza alizaliwa karibu na Dudley, akawekwa mwanagenzi Birmingham kwa fundi wa vinu vya kusagia kimea cha pombe, na mwaka 1699 akamwoa Mary Sergeant. Kisha walihamia Bristol, ambako yeye na wenzake walianzisha kazi ya shaba nyeupe mahali panapoitwa Baptist Mills mwaka 1702. Mwaka 1704 alikwenda Uholanzi kuangalia mafundi wa huko. Mwaka 1707 alipewa hataza ya kusubu vyungu vya chuma vyenye matumbo kwa kalibu za mchanga mtupu, bila udongo wa mfinyanzi. Hataza hiyo ndiyo mali halisi aliyokuja nayo Shropshire, kwa sababu chungu cha chuma kilichosubiwa katika mchanga kilikuwa chembamba, chepesi na cha bei ya chini kuliko cha shaba, na kila jiko lilikihitaji.

Simulizi ya ukoo wa kijana mmoja wa Kiwelisi, John Thomas, inasema kwamba yeye ndiye aliyefanikisha kalibu hizo akiwa na Darby, na kwamba wawili hao walifanya majaribio yao mlango ukiwa umefungwa na tundu la ufunguo limezibwa. Sina sababu ya kuikataa, lakini ni simulizi iliyoandikwa baadaye na wenye kunufaika nayo, kwa hiyo nimeiweka katika safu ya simulizi na si katika safu ya hati.

Jambo ambalo hati zinalithibitisha ni mtandao wa dini. Darby, mkewe na wabia wake wakubwa walikuwa wa Jumuiya ya Marafiki, yaani Quaker, madhehebu ambayo wasomaji wa Kenya magharibi wanayafahamu vizuri tangu misheni ya Kaimosi ya mwaka 1902, na ambayo leo yana waumini wengi zaidi nchini Kenya kuliko katika nchi nyingine yoyote. Uingereza ya wakati huo iliwafungia milango: kwa kuwa walikataa kuapa viapo, hawakuweza kuingia vyuo vikuu wala kushika nyadhifa za serikali, na fedha na akili zao ziliingia katika biashara. Walioana wao kwa wao, na aliyeoa nje alitengwa. Matokeo yake kwa mtafiti ni mawili. Kwanza, mbia wa leo ni mkwe wa kesho, na hisa hupita katika ndoa kama zinavyopita katika mauzo. Pili, mikutano yao ya kila mwezi iliandika vizazi, ndoa na vifo kwa uangalifu ambao parokia nyingi za enzi hiyo hazikuwa nao.

Machi, mwisho wa mwezi: tarehe

Kabla ya kufungua leja nimelazimika kutunga kanuni ya tarehe, na ninaiandika hapa kwa faida ya yeyote atakayefuata njia hii. Hadi mwaka 1752 mwaka wa kisheria Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, si 1 Januari. Kwa hiyo malipo ambayo sisi tunayaweka Januari 1709, karani wa siku zile aliyaandika chini ya mwaka 1708. Isitoshe, Marafiki hawakutumia majina ya miezi, ambayo waliyaona ni ya kipagani. Waliiita kwa namba, na mwezi wao wa kwanza kabla ya 1752 ulikuwa Machi. Msomaji wa Kiswahili yumo hatarini kuliko mwingine yeyote, kwa maana sisi pia tunasema mwezi wa kwanza, tukimaanisha Januari. Tuseme mtu alifariki mwanzoni mwa Machi 1717. Katika daftari la Marafiki huo ni mwezi wa kwanza, na mwaka unaweza kuonekana kama 1716. Katika jedwali langu kila tarehe ina safu mbili, moja ya jinsi ilivyoandikwa na nyingine ya jinsi tunavyoihesabu leo, na sitaiunganisha safu hizo hadi mradi utakapokwisha.

Leja ya miaka ya mwanzo imesalimika. Kinachovutia ndani yake ni ukavu wake: mishahara, usafirishaji, vyungu vilivyouzwa, na katika Januari 1709 malipo ya kuchoma makaa ya mawe ili yawe makaa ya koke. Hakuna mstari unaotangaza ugunduzi. Karani aliyeandika hakuwa na habari kwamba karne mbili baadaye watu wangeutafuta mstari huo kwa hamu. Makaa ya mawe yakiingia tanurini yakiwa mabichi, salfa iliyomo hupenya ndani ya chuma na kukifanya kiwe chenye kuvunjika. Yakichomwa kwanza katika lundo lililofunikwa, sehemu kubwa ya uchafu huo huondoka. Makaa ya Shropshire yalikuwa na salfa kidogo, na bahati hiyo ya kijiolojia ilimsaidia Darby sana.

Aprili: mirathi ya 1717

Hii ndiyo sehemu iliyochukua muda mrefu kuliko zote, na ninaamini ndiyo uti wa mgongo wa mradi.

Abraham wa kwanza alifariki Madeley Court akiwa hajafika miaka arobaini, kabla ya kuhamia katika nyumba aliyokuwa akiijenga juu kidogo ya tanuri. Hakuacha wasia. Aliacha mjane, watoto wadogo, binti mmoja aliyekaribia kuolewa, na kiwanda ambacho sehemu kubwa ya hisa zake ilikuwa imewekwa rehani kwa Thomas Goldney, mfanyabiashara wa Bristol aliyemkopesha. Mary, ambaye kwa sheria ndiye aliyestahili kusimamia mirathi, alikuwa mgonjwa, naye akafariki mwaka uliofuata. Ndani ya muda mfupi, kiwanda kilichokuwa kimeanza kutoa faida kilibaki mikononi mwa watu wa aina tatu ambao hawakutaka jambo moja: mkopeshaji aliyetaka dhamana yake, jamaa za mjane waliotaka madeni yalipwe, na yatima ambao hawakuwa na sauti.

Mtu ambaye masimulizi ya kawaida humruka kabisa katika hatua hii ni Joshua Sergeant, ndugu yake Mary, yaani mjomba wa watoto. Yeye ndiye aliyejitahidi kuwahifadhia baadhi ya hisa, ili wakikua wawe na kitu cha kushika. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa uzito wa mjomba katika msiba wa namna hii. Ninachosisitiza ni kwamba bila hisa hizo chache Abraham wa pili angerudi Coalbrookdale kama mfanyakazi wa ukoo wa Goldney, na hapangekuwa na nasaba ya Darby ya kuandikiwa vitabu.

Funguo zenyewe zilishikwa na Richard Ford. Alianza kama karani wa kiwanda, akamwoa Mary, binti mkubwa wa marehemu, mwaka 1718, na kwa ndoa hiyo akawa mbia. Ford na Goldney waliendesha kazi kwa zaidi ya miaka ishirini, na nikitazama kilichosubiwa katika miaka hiyo ninashindwa kuwaita walezi wa muda. Kuanzia miaka ya 1720 kiwanda kilianza kusubu silinda za chuma kwa ajili ya injini za mvuke za Newcomen, zilizokuwa zikisukuma maji kutoka migodini, na ambazo awali silinda zake zilikuwa za shaba nyeupe, ghali mno kwa wenye migodi wengi. Chuma kilichoyeyushwa kwa koke kina silikoni nyingi kiasi, hutiririka vizuri na kujaza kalibu nyembamba, na kwa hiyo kilifaa kazi hiyo. Soko hilo kubwa lilifunguliwa na karani aliyeoa binti wa tajiri, wakati mrithi mwenye jina akiwa bado shuleni.

Abraham wa pili aliingia kazini akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1720, na akawa mbia kamili mwaka 1738. Ford alifariki 1745. Ukihesabu tangu 1717, kiwanda kilikuwa kimeishi chini ya Ford muda mrefu kuliko kilivyoishi chini ya mwanzilishi wake, mara kadhaa.

Mei: Goldney na chanzo cha fedha zake

Thomas Goldney mkopeshaji alikuwa pia mwekezaji mkuu wa safari ya kiharamia yenye kibali cha serikali iliyoongozwa na nahodha Woodes Rogers kati ya 1708 na 1711, ambayo mwezi Februari 1709 ilimwokoa Alexander Selkirk, baharia aliyeachwa peke yake katika kisiwa cha Juan Fernández, na mwisho wa mwaka huohuo ikateka jahazi la hazina la Wahispania lililotoka Manila. Muumini wa Marafiki anayegharimia meli zenye mizinga ni jambo la kushangaza, kwani madhehebu yake yalikataza vita. Ni rahisi sana kuunganisha mambo na kusema kwamba dhahabu ya Wahispania ndiyo iliyookoa tanuri la Shropshire. Mfuatano wa miaka unaruhusu, lakini mfuatano wa miaka peke yake si ushahidi, na sijaweka mshale kati ya visanduku hivyo viwili katika mchoro wangu wa umiliki.

Kuna jambo jingine ambalo haifai kulipita. Bristol ya wakati huo ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, na vyombo vya shaba vilivyotengenezwa humo vilipakiwa kwenda pwani ya Guinea kubadilishwa na watu. Ujuzi wa kusubu na mtaji wa Darby vilikulia katika uchumi huo kabla hajafika Coalbrookdale. Vibao vinavyosifu vyungu vya mwaka 1707 vingepungukiwa na sehemu ya ukweli kama vingeliacha hilo.

Mwana wa Goldney, aliyeitwa pia Thomas, alifika Coalbrookdale kijana kulinda hisa za baba yake, na baadaye akarudi Clifton, kando ya Bristol, ambako alijenga pango la bustani lililopambwa kwa maelfu ya kombe za baharini. Pango lipo hadi leo. Anayelizuru anaona mahali ambapo sehemu ya faida ya chuma ilikwenda.

Juni: barua ya Abiah

Hati ninayoithamini kuliko zote katika mradi huu iliandikwa na mwanamke. Abiah Darby, mke wa pili wa Abraham wa pili na mama wa Abraham wa tatu, aliandika barua katika miaka ya 1770 akieleza jinsi ukoo alioolewa ulivyofika kwenye koke. Anasema baba mkwe wake alijaribu kwanza makaa ya mawe yalivyotoka mgodini, yakashindikana; hakukata tamaa, akaagiza yachomwe kama yanavyochomwa kwa ajili ya kukaushia kimea, na hapo akafanikiwa. Maelezo hayo yanapatana na maisha ya mtu aliyejifunza kazi kwenye vinu vya kimea, na yanapatana na leja ya 1709.

Barua hiyo ina umuhimu wa pekee kwa sababu maandishi ya karne ya 19 yalisema tofauti. Ilisimuliwa kwamba koke ilianzishwa na Abraham wa pili katika miaka ya 1730, kwamba alikaa juu ya tanuri siku sita mchana na usiku akila hapohapo, na kwamba chuma kilipotoka vizuri jioni ya siku ya sita alilala usingizi mzito hata wafanyakazi wakambeba hadi nyumbani. Ni hadithi nzuri, na ndiyo sababu ilidumu. Hapa ndipo majina yanayofanana yanapomsumbua mtafiti: kazi ya baba ilihamishiwa kwa mwana, na hapakuwa na aliyestuka kwa kuwa wote waliitwa Abraham. Leja na barua, zikisomwa pamoja, zinarudisha koke kwa baba.

Hata hivyo mwana ana lake, na Abiah analieleza. Chuma ghafi cha koke kilifaa kusubiwa, lakini wenye viwanda vya kufua walikikataa, kwa kuwa kilikuwa kigumu kukigeuza kuwa chuma cha mhunzi. Abraham wa pili alipopata namna ya kukiboresha, alituma vipande kwenye viwanda vya kufua bila kusema vimetoka wapi wala vimeyeyushwa kwa nini, ili chuki ya zamani isiwatangulie. Wakavifua, wakavipenda. Ujanja huo wa kibiashara ndio uliofungua njia ya matanuri mapya ya Horsehay mwaka 1755, na baadaye Ketley, na ndio unaoeleza kwa nini koke ilichukua zaidi ya miaka arobaini kuenea nje ya bonde. Tangu mwanzo Abiah aliona pia sababu ya nje: miti ya mkaa ilikuwa ikiadimika, na bila makaa ya mawe, anasema, biashara ya chuma ya nchi yake ingefifia.

Abiah mwenyewe alikuwa mhubiri. Hakuandika ili kujisifu, wala hajitaji katika barua kama mmiliki. Lakini mumewe alipofariki 1763, mwanawe alikuwa hajafika miaka kumi na mitatu.

Julai: mkwe mwingine

Historia ilijirudia kwa karibu sana. Richard Reynolds, mzaliwa wa Bristol na Rafiki kama wengine, alikuwa amemwoa Hannah, binti wa Abraham wa pili kwa mke wa kwanza, mwaka 1757. Hannah alifariki 1762, lakini ndoa ilikuwa imekwisha kumwingiza Reynolds katika ubia wa Ketley, na mwaka 1763 yeye ndiye aliyeitwa kusimamia Coalbrookdale hadi shemeji yake mdogo akomae. Alisimamia kwa miaka mitano. Katika miaka hiyo ndugu wawili, Thomas na George Cranege, walipata hataza ya mwaka 1766 ya kusafisha chuma ghafi katika tanuri ambalo moto haugusani na chuma, na mwaka 1767 kiwanda kilianza kusubu reli za chuma za kuweka juu ya zile za mbao. Yote mawili yanahesabiwa miongoni mwa hatua kubwa za karne hiyo, na yote mawili yalifanyika wakati hapakuwa na Abraham yeyote aliyeshika usukani.

Mwaka 1768 Reynolds alimkabidhi Abraham wa tatu, aliyekuwa na miaka 18, akabaki na Ketley na hisa zake. Sijaona dalili kwamba alilazimishwa kukabidhi. Alifariki 1816 akiwa maarufu kwa sadaka kuliko kwa chuma.

Agosti: daraja

Daraja la chuma juu ya Severn limeandikwa sana, na hapa ninachukua upande wa fedha tu. Ramani ilichorwa na msanifu Thomas Farnolls Pritchard, aliyefariki 1777 kazi ikiwa ndiyo inaanza. Abraham wa tatu alipanua tanuri la zamani mwaka huohuo, kama boriti yenye jina lake inavyoonyesha. Upinde ukasimama mwaka 1779, na daraja likafunguliwa siku ya mwaka mpya wa 1781. Upinde wake unavuka zaidi ya mita 30, lina tani 378 za chuma katika vipande zaidi ya 1,700, na viungo vyake ni vya seremala, vya ulimi na tundu, kwa sababu hapakuwa na fundi aliyewahi kuunga chuma kwa ukubwa huo kwa namna nyingine.

Darby alikubali kubeba gharama zitakazozidi makadirio, na zilizidi sana. Aliishi na madeni hayo hadi alipofariki 1789 akiwa na miaka 38, karibu umri uleule wa babu yake. Bango la ushuru wa daraja bado lipo, likieleza kwamba askari, awe kazini au la, atalipa, na ukoo wa kifalme pia utalipa. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha daraja lilikuwa nini machoni pa wenye hisa.

Septemba: wanawake wenye hisa

Kwa mara ya tatu Abraham alikufa na watoto wadogo. Mwanawe Francis alikuwa na miaka kama sita. Safari hii hapakuwa na mkwe wa kuitwa mara moja, na majina yanayojaa katika hati za miaka ya 1790 ni ya wanawake: Rebecca, mjane wa marehemu, Sarah, dada wa marehemu ambaye hakuolewa, na Deborah, mke wa Samuel, ndugu wa marehemu. Samuel naye alifariki 1796. Wanawake hawa walishika hisa, walishauriana, na walitia saini wakati bei ya chuma ikipanda na kushuka kwa vita vya Ufaransa, na wakati mali za Darby na za Reynolds zikitenganishwa.

Deborah ndiye mtu niliyemfuatilia kwa furaha zaidi. Alikuwa mhubiri aliyesafiri kwa miaka mingi, ikiwamo ziara ya Marekani kuanzia 1793 hadi 1796, na shajara zake ni ndefu. Ni yeye aliyemtabiria msichana Elizabeth Gurney, aliyepita Coalbrookdale mwaka 1798, kwamba atakuwa nuru kwa vipofu. Msichana huyo ndiye Elizabeth Fry, mtetezi wa wafungwa. Anayetarajia kusoma habari za matanuri katika shajara za Deborah atatoka mikono mitupu, au karibu hivyo. Saini zake zimo katika hati za kiwanda, na roho yake imo katika shajara. Nimelazimika kusoma aina zote mbili za maandishi sambamba, kwa sababu mtu aliyesoma moja tu angedhani ni wanawake wawili.

Mwanawe Edmund alisimamia kazi mwanzoni mwa karne ya 19, akafariki 1810, mwaka mmoja na mama yake. Aliacha watoto wadogo, Abraham wa nne na Alfred. Sikuhitaji tena kushangaa.

Oktoba: miaka iliyobaki

Sehemu hii ninaipita haraka, kwa kuwa kampuni ilipokua umiliki wake ulizidi kuwa wa kawaida. Tanuri la zamani liliacha kazi yapata 1818. Chini ya Abraham wa nne na Alfred, kuanzia miaka ya 1830, kiwanda kiligeukia usubuji wa mapambo, na milango mikubwa kiliyoionyesha katika maonyesho ya London ya 1851 bado imesimama katika bustani za Kensington. Abraham wa nne aliwaacha Marafiki akajiunga na Kanisa la Uingereza, na ukoo ukajenga kanisa la Utatu Mtakatifu juu ya bonde. Kujitoa huko kulivunja mfumo wa ndoa na ubia nilioueleza mwezi Machi. Mwaka 1881 kampuni ikawa ya hisa zenye dhima ya kikomo. Katika karne ya 20 iliingia katika kundi la Allied Ironfounders, ambalo mwaka 1959, miaka 250 baada ya koke, lililifukua tanuri la zamani na kufungua jumba dogo la makumbusho kando yake. UNESCO iliorodhesha bonde mwaka 1986. Usubuji wenyewe uliendelea, miaka ya mwisho ukiwa wa majiko ya Aga, hadi Novemba 2017, kiwanda kilipofungwa.

Novemba: hali ya mchoro

Mchoro wa umiliki sasa una safu nne: mwenye ardhi, mwenye hisa, mwenye rehani na msimamizi wa kila siku. Majina yaliyo katika safu ya nne kwa kipindi kirefu zaidi kati ya 1717 na 1790 ni ya Richard Ford na Abraham wa pili, yakifuatwa na Abraham wa tatu na Richard Reynolds. Mwanzilishi ana miaka minane tu. Nimewaondoa wote watatu wenye jina moja katika mstari mnene uliokuwa ukiwaunganisha, na badala yake nimechora ndoa: Mary na Ford, Abiah na Abraham wa pili, Hannah na Reynolds, Deborah na Samuel. Hisa zinafuata mistari hiyo karibu zote. Mstari mmoja tu haufuati ndoa, nao ni ule wa mjomba Joshua Sergeant, ambao nimeuchora kwa nukta hadi nitakapokamilisha kunakili hati za mirathi ya 1717 na 1718. Hiyo ndiyo kazi ya mwezi ujao, pamoja na kulinganisha saini za Sarah na Rebecca katika mikataba ya miaka ya 1790.